Tupa

Jumatano ya Novemba, Hamilton, Ontario.
Theluji ya kwanza haijaamua kama ni theluji au mvua.
Mhadhara wa wazi, saa moja jioni, kiingilio bure,
na mimi, fundi wa karakana, nimeombwa nipange viti
na nihakikishe kipaza sauti hakikoromi.

Watu mia na ushei. Wahandisi wenye tai,
wanafunzi waliofuata biskuti,
na mbele kabisa viti vitatu vya magurudumu
ambavyo mkuu wa idara hakuvitarajia.
Nikang'oa viti sita ili wapate nafasi.

Devika Ramsaroop akapanda jukwaani.
Miaka minne tangu avae joho.
Wasifu wake ulisomwa mpaka msomaji akakohoa:
tuzo hii, hataza ile, mabasi arobaini ya mji
yenye ulimi wa chuma unaoshuka hadi ukingo wa njia
na barafu isiushike.
Mimi nilikuwa nahesabu mengine:
ncha saba za keekee alizovunja mwaka wa kwanza.

Hakuanza na tuzo. Alianza na picha ya ufa.
"Bawaba hii," alisema, "ilimwacha Bi Loretta Fusco
kituoni, mwezi wa Februari, dakika hamsini."
Bi Fusco akainua mkono wenye glavu:
"Hamsini na tano."
Ukumbi ukacheka, kisha ukaona haya.

Naikumbuka bawaba ile.
Aliileta imeviringishwa ndani ya soksi,
pamoja na pacha wake ambaye bado alikuwa mzima,
akaziweka kando ya jiliwa, macho yamevimba.
Nilikuwa na zamu mbili mwilini
na basi langu lilikuwa linaondoka.
Nikasema neno moja: "Tupa."

Lazima nieleze. Tupa, kwetu,
ni kile chuma chenye meno
kinacholamba chuma kingine hadi kilainike.
Nilimfundisha mwenyewe, tupa na jiliwa na kerezo na parafujo,
maana majina hayo yalikuwa yakinikaukia mdomoni
na nilitaka mtu mmoja, nchi hii, aniitikie kwayo.
Lakini tupa ni amri pia.
Achana nayo. Pipa lile pale. Kalale.
Hiyo ndiyo niliyoikusudia.

Yeye akasikia ile nyingine.
Akafungua droo, akatwaa ya nusu duara,
akambana yule pacha mzima
akaanza kuila kona, ile kona kali ya ndani
ambako uzito wote ulikuja kugombana
na ufa ukapata mlango.
Hata saa nne usiku kona ilikuwa mviringo
kama kiwiko cha mtoto.

"Fundi wetu," alisema sasa, "aliniambia neno moja."
Akalitamka vizuri. Vichwa vikageuka.
Wakanipigia makofi, mimi, nimeshika waya wa kipaza sauti
kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Mzee mmoja wa kiwanda cha chuma, koti la chama cha wafanyakazi,
hakupiga makofi. Akasimama.
"Kona kali! Jambo hilo hata mfagizi wa tanuri analijua.
Nyinyi na vyeti vyenu hamkujua?"
"Tulijua," Devika akamjibu. "Lilikuwa kitabuni,
na nililipatia maksi kumi kwa kumi.
Mkono wangu ndio uliokuwa haujasoma."
Mzee akaketi, akala biskuti yake.

Baadaye nilikunja viti. Akaja, akanikumbatia,
na ule ukweli ukanipanda mpaka kooni,
ukaonja hewa, ukarudi.

Nje, basi namba moja.
Ulimi ukashuka mpaka ukingoni,
polepole, ukilalamika kidogo.
Bi Fusco akapanda. Akaitazama saa yake.
Nami nikapanda nyuma yake,
mfukoni bawaba yenye ufa, ile ya kwanza,
ambayo miaka yote hii
sijaitupa.